Kutoka Miritini hadi Kamukunji: wiki moja katika nyayo za wanawake wawili

Jumatatu, ndani ya treni

Treni iliondoka Miritini asubuhi, na abiria wengi walikuwa wamelala kabla hatujafika Mariakani. Mimi nilikuwa na daftari na orodha fupi: Uhuru Park, Kanisa Kuu la All Saints, msitu wa Karura, Nyeri mjini, Ihithe, Gikondi, na wakati wa kurudi, Kamukunji. Orodha hii inaunganishwa na wanawake wawili. Wa kwanza kila Mkenya anamjua: Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka 1940 na kutunukiwa Nobel ya Amani mwaka 2004. Wa pili ni Sista Irene Stefani, mtawa Mwitaliano wa shirika la Consolata aliyefariki Gikondi mwaka 1930. Watu wa Nyeri walimwita Nyaatha, mama wa huruma.

Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Mombasa. Kazini nimeaga kwamba naenda kutembea. Dada yangu peke yake ndiye niliyemweleza ninakokwenda, naye akaniuliza nina haja gani na mtawa. Nikamwambia nimechoka na dini inayokoma pale tunapovaa viatu kutoka msikitini. Swala tunaswali, saumu tunafunga, halafu mtaro wa maji machafu unaopita nje ya ukuta huohuo hauna mwenyewe. Hawa wawili wanasemekana hawakuwahi kuutenga ukuta na mtaro. Nataka kujua walifanyaje, maana maneno mazuri juu ya jambo hili tunayo ya kutosha.

Voi treni ilisimama kidogo, nikachungulia dirishani kana kwamba kuna kitu cha kuona. Irene alifika nchi hii mwaka 1915 akiwa na miaka 23, vita kuu ya kwanza imepamba moto, na kabla ya kuzoea milima ya Nyeri akapelekwa kwenye hospitali za wapagazi: hapa Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Wapagazi wale, Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza, walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Askari wa Kizungu wamejengewa makaburi yenye majina karibu na hapa. Wapagazi wengi hawana hata hilo. Kazi ya msichana yule ilikuwa kuosha vidonda vya watu ambao dola yenyewe haikuwa imeandika majina yao vizuri.

Baada ya Voi ni Tsavo, vumbi jekundu na ndovu wa rangi ileile. Nililala na mimi.

Jumanne, Uhuru Park na All Saints

Nilifika bustanini mapema, wafagiaji bado wanakusanya majani. Mwaka 1989 chama tawala, KANU, kilitaka kujenga hapa jumba la ghorofa 60 la gazeti lake, pamoja na sanamu kubwa ya Rais. Ilikuwa zama ambazo watu walinong'ona hata ndani ya nyumba zao. Wangari aliketi akaandika barua. Akamwandikia mkurugenzi wa gazeti, ofisi ya Rais, Tume ya Jiji, mashirika ya Umoja wa Mataifa, na balozi wa Uingereza, ambaye Wangari alimtaka afikirie jengo la namna ile likisimamishwa katikati ya Hyde Park. Bungeni walimtukana, wakamwita mwanamke aliyeachika, na shirika lake la kupanda miti, Green Belt Movement, likapewa saa 24 kuondoka katika ofisi ya serikali. Akaendelea kuandika. Wafadhili wa nje wakajitoa, na mwaka 1992 ua uliozungushiwa eneo hili ukabomolewa.

Nimesikiliza mawaidha mengi kuhusu subira maishani mwangu. Sijawahi kusikia hata shehe mmoja akiieleza kuwa ni kubandika stempu kwenye bahasha ya kumi baada ya tisa kunyamaziwa.

Nilitembea hadi kile kipande kinachoitwa Freedom Corner. Mwishoni mwa Februari 1992, akina mama waliokuwa na wana wao gerezani kwa sababu za siasa walipeleka ombi lao kwa Mwanasheria Mkuu, kisha wakaja kukaa hapa na kugoma kula. Wengi walikuwa wazee wa vijijini. Tarehe 3 Machi polisi walikuja na rungu na gesi ya machozi. Wangari akapigwa hadi akazirai, na baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya polisi. Kwa jamii nyingi za nchi hii, mama mzee akikuonyesha uchi wake kwa hasira, hilo si tusi la kawaida. Ni laana, na vijana wale wenye sare walijua.

Walipofukuzwa bustanini walikimbilia All Saints, si mbali na hapo, na wakaishi katika chumba cha chini ya kanisa kwa muda wa kama mwaka mzima. Mapema mwaka 1993 karibu wafungwa wote wakaachiliwa.

Niliingia kanisani mchana. Ni jengo la mawe, jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1917, na ndani kuna ule ubaridi wa nyumba nene. Mama aliyekuwa akipanguza viti aliniona nimesita mlangoni na buibui langu, akaniambia, "Ingia tu, mama, kaa." Nikakaa nyuma. Nilijaribu kufikiria mwaka mmoja wa kuishi hapa na sikuona kitu chochote cha kishujaa. Niliona foleni ya choo. Niliona blanketi za kuanikwa, mtu anayeumwa na mgongo, mtu anayekoroma, chai ya watu hamsini, ugomvi wa nani alale karibu na mlango. Historia imewaandika waliopigwa siku ile moja ya Machi na ni haki yao. Lakini wale wana hawakutoka gerezani kwa sababu ya siku moja, na mimi ningependa kumjua aliyekuwa akichota maji ya kuoshea vyombo mwezi wa saba, magazeti yakiwa yameshageukia habari nyingine.

Yule mama alimaliza viti vya upande wangu, akaniomba nisogee, akaendelea.

Jumatano, Karura

Siku fupi. Nilifikiria kukodi baiskeli langoni, buibui likakataa. Nilitembea hadi kwenye maporomoko na mapango waliyojificha wapiganaji wa Mau Mau, nikapishana na watu wanaokimbia wakiwa na saa zinazohesabu hatua zao.

Mwishoni mwa miaka ya tisini vipande vya msitu huu viligawiwa watu waliotaka kujenga nyumba za kifahari. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari alikuja na wenzake kupanda mti langoni, wakashambuliwa na wanaume waliokodiwa. Alipasuliwa kichwa. Alipofika kituo cha polisi kuandikisha taarifa, alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Mwezi wa nane mwaka huo Rais Moi akasimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Leo zaidi ya hekta 1,000 bado zimesimama, na wakazi wana chama chao kinachosaidiana na Shirika la Misitu, jambo lililowezekana baada ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2005.

Wapo wanaolalamika kwamba msitu umekuwa wa wenye magari, na nilipotazama maegesho sikuweza kuwapinga. Hata hivyo, kijana mmoja anayelinda njia za ndani, mwenye buti za mpira, aliniambia kazi yake kubwa si kufukuza wezi wa kuni. Ni kung'oa mimea ya kigeni inayosonga miche ya asili. Anang'oa, inarudi, anang'oa. Nikamuuliza kama haimchoshi. Akaniangalia kwa mshangao. "Inachosha sana," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Alhamisi, Nyeri

Matatu ilipita Thika, Makutano, Sagana, Karatina. Makanga aliniuliza kama sisikii baridi, na kila baada ya nusu saa akauliza tena. Mlima Kenya haukujionyesha.

Masalia ya Sista Irene yamehifadhiwa katika Kanisa Kuu la Mama Consolata. Alitangazwa mwenyeheri hapa Nyeri tarehe 23 Mei 2015, katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, na aliyeongoza ibada kwa niaba ya Papa alikuwa Kardinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam. Muujiza uliokubaliwa ulitokea Nipepe, Msumbiji, Januari 1989: watu waliozingirwa kanisani wakati wa vita walimwomba Irene, na maji kidogo ya ubatizo yakawatosha wote kwa siku kadhaa. Sina la kusema juu ya miujiza ya watu wa dini nyingine. Nilikuja kwa ajili ya buti zake, na nitazifikia kesho kutwa.

Jioni ndipo siku ilipoanza hasa. Mwenye nyumba ya wageni nilikofikia alikuwa anavaa sweta kwenda mkutanoni. Wakazi wa wadi yao, ambayo sitaitaja, walikuwa wameitwa kutoa maoni juu ya mpango wa maendeleo. Nikamwomba nimfuate.

Katiba ya mwaka 2010 imeandika ushiriki wa wananchi katika kifungu cha 10, kati ya maadili ya taifa, jirani na uzalendo na utu. Ukisoma hivyo unatarajia kitu kikubwa. Ukifika unakuta viti vya plastiki, daftari la kutia sahihi, na maafisa wawili vijana wanaohangaika na kompyuta isiyotaka kuongea na mashine ya kuonyeshea picha ukutani. Nusu ya waliohudhuria walikuja kwa sababu ya soda na nauli, na hawakuficha. Hotuba ya utangulizi ilikuwa ndefu kuliko mjadala.

Kisha akasimama mzee mmoja mwenye kofia ya sufu na faili la kadibodi. Aliuliza habari za kalvati, kivuko kidogo cha kupitishia maji chini ya njia. Kuna mahali, alisema, watoto wanavuka kijito kwa kuruka mawe wakienda shule, na kalvati iliahidiwa. Akatoa barua, kila moja imepigwa muhuri wa kupokelewa, akazisoma tarehe moja baada ya nyingine. Watu walianza kucheka, kwa sababu inaonekana hufanya hivyo kila mkutano. Afisa akamwambia kwa adabu, "Mzee, mimi ni mgeni hapa, nimehamishiwa juzi." Mzee akajibu, "Najua, kijana wangu. Hata aliyekutangulia alikuwa mgeni. Mimi ndiye mwenyeji, kwa hiyo nitakuja tena." Akampa nakala mpya, akangoja ipigwe muhuri, akaiweka kwenye faili.

Tulipotoka nilimfuata, nikamsalimia shikamoo. Huku salamu hiyo haina wenyewe. Alisita, akacheka, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayeitoa sandukuni. Nikamuuliza kama ana mjukuu katika shule ile. Hana. Wake walishamaliza, wako Nairobi. Je, anaamini kalvati itajengwa? Alifikiri kidogo. Akasema yeye ni mzee wa kanisa, na Jumapili husoma sala za waumini: tuwaombee wagonjwa, tuwaombee watoto. "Sasa nikishasema 'tuwaombee watoto' halafu Alhamisi nibaki nyumbani, nitakuwa nimemtuma Mungu kazi ambayo mimi niko karibu nayo zaidi."

Sikuwa nimekuja Nyeri kwa ajili yake, lakini ukurasa wake katika daftari langu ni mrefu kuliko wa kanisa kuu.

Nina wasiwasi mmoja hapa na nauandika kabla sijalala. Ni rahisi sana kumgeuza mzee huyu kuwa pambo. Tukisema kuhudhuria mkutano ni ibada, afisa naye atapumzika, kwa sababu anayeabudu hadai risiti. Mzee anadai. Mihuri yote ile ni madai. Huruma yake ina faili, na nafikiri ndiyo maana wanamwogopa kidogo huku wakicheka.

Ijumaa, Ihithe

Niliondoka alfajiri ili nirudi mjini kabla ya swala ya Ijumaa. Ihithe iko chini ya milima ya Nyandarua, na chai imepandwa hadi ukingoni mwa barabara. Dereva wa boda boda alinishusha kwa shosho mmoja, yaani bibi mzee, ambaye mwenye nyumba ya wageni alikuwa amempigia simu kwa ajili yangu. Aliniketisha jikoni karibu na moto, akaniuliza kama Mombasa kuna moto, akacheka peke yake.

Miaka ya themanini alikuwa katika kikundi cha akina mama cha kitalu, chini ya Green Belt Movement. Vuguvugu hilo lilianza mwaka 1977, na wataalamu wa misitu wa serikali wakati huo walisema kupanda miti ni kazi ya wenye diploma. Akina mama walipanda kwa mikebe ya zamani na sufuria zilizotoboka, wakaotesha mbegu walizookota wenyewe msituni. Hilo nilikuwa nimelisoma. Nilichotaka ni jinsi malipo yalivyokuwa.

"Hukulipwa kwa kupanda," shosho akasema, akinyoosha kidole kana kwamba mimi ndiye ninayedai. "Ulilipwa kwa ulioshika." Senti chache kwa kila mche uliopona, baada ya muda, na mtu anakuja kuhesabu. Unasimama kwenye mstari wako anahesabu. Ulio mkavu anauruka. "Hata kama ulikufa kwa mbuzi wa jirani, anauruka. Basi tukajifunza kuongea na jirani kuhusu mbuzi."

Nilimwomba arudie hilo la mbuzi. Hapo, nadhani, ndipo mti ulipogeuka kuwa siasa. Huwezi kulinda mche bila kuzungumza na jirani, na ukishazungumza naye kuhusu mbuzi mtazungumza kuhusu maji, na ukifika kwenye maji utamfikia chifu. Vikundi vya kitalu vilifika huko vyote, na ndiyo maana serikali ya wakati ule iliwatazama wanawake wenye mikebe kwa jicho baya. Kufikia mwaka Wangari alipopewa Nobel, miti ilikuwa imefika milioni 30.

Kisha nikamuuliza juu ya mugumo, mti mtakatifu wa Wagikuyu, na hapa mambo yakawa mazito.

Wangari amesimulia kwamba utotoni mama yake alimkataza kuokota kuni chini ya mugumo uliokuwa karibu na kwao, kwa sababu ulikuwa mti wa Mungu. Kando yake kulikuwa na kijito ambamo alicheza na mayai ya vyura. Alipokuja kurudi baada ya masomo Marekani, mti ulikuwa umekatwa ili kupanda chai, na kijito kimekauka. Mizizi ya mugumo hupenya chini sana na kuyapandisha maji. Wazee hawakulieleza jambo hilo kwa lugha ya chuo kikuu, lakini mwiko wao ulikilinda kijito.

Na nani aliyevunja mwiko? Waliofundishwa kwamba Mungu hakai kwenye mti wala juu ya Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. Nani aliyefundisha? Wamisionari, wakiwemo masista wa Consolata. Masista haohao walimsomesha Wangari bweni katika shule ya St. Cecilia, Mathari, wakamtia katika Jeshi la Maria, chama cha waumini Wakatoliki, ambako alijifunza kwamba kumtumikia Mungu ni kuwatumikia watu. Irene naye alikuwa sista wa shirika hilo. Kwa hiyo wanawake wangu wawili, niliokuwa nimewapanga vizuri kwenye orodha moja, wanakutana hapa kwenye kisiki, na mmoja wao alikuja na watu waliokuwa na shoka.

Shosho alisema, "Baba yangu alisali chini ya mugumo, mikono juu, akiuelekea mlima. Mimi nilibatizwa. Mti ulipokatwa sikulia. Tuliambiwa ni wa shetani, na chai ilikuwa na pesa." Akamimina chai. "Maji yalipoanza kwenda mbali ndipo tukalia."

Ningependa kujitenga na habari hii, niseme ni ya Wakatoliki na Wagikuyu. Siwezi. Kwetu pwani Wamijikenda wana makaya, misitu iliyohifadhiwa kwa sababu ni mitakatifu, na mwaka 2008 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia. Katika chuo cha Kurani ustadhi wetu alitufundisha kwamba mambo ya kaya ni ushirikina, basi. Huyohuyo alitufundisha Hadithi isemayo kwamba Mwislamu akipanda mti, na ndege au mtu au mnyama akala, ni sadaka kwake. Na ile nyingine, kwamba Kiyama kikifika nawe una mche mkononi, upande. Tulizikariri zote mbili. Hakuna aliyetutoa nje kutuonyesha mche. Na ile misitu iliyobaki ilibaki kwa sababu ya watu ambao tuliambiwa tusiwasikilize.

Siabudu mti na sitauabudu. Lakini leo nimeona kwamba kusafisha imani ya mtu kuna gharama ambayo mara nyingi hulipwa na asiyekuwemo katika mjadala, kijito kwa mfano, na kwamba mtu wa dini akishaondoa mwiko ana deni la kuweka ulinzi mwingine mahali pake. Katiba imejaribu: kifungu cha 69 kinaitaka serikali ifikishe miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi, na kuwashirikisha wananchi katika kulinda mazingira. Ni mwiko wa karatasi. Unahitaji akina mzee wa kalvati wengi ili uogopwe.

Swala niliiwahi. Khutba ilikuwa juu ya kusengenya.

Jumamosi, Gikondi

Gikondi iko Mukurwe-ini, na Mukurwe-ini ni vilima. Unashuka bonde, unavuka kijito, unapanda, na unapofikiri umefika unaona nyumba unayoiendea iko kilima cha pili. Ilikuwa imenyesha usiku, udongo mwekundu unanata, na viatu vyangu vya Mombasa vilikata tamaa kabla yangu.

Irene aliishi hapa miaka kumi, tangu 1920. Buti zake nzito zimehifadhiwa kama kumbukumbu, na ukitembea hapa saa moja unaelewa kwa nini. Alizunguka vilima hivi kutembelea wagonjwa, wazazi, watoto. Na aliandika barua. Vijana wa hapa walikuwa wamekwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa, mama zao hawajui kusoma, basi Irene aliwaandikia, na majibu yakija aliwasomea.

Nilikaa juu ya jiwe nikipumzika, nikawaza zile barua zilizofika kwetu. Kijana yuko bandarini Mombasa, hajaonana na mama yake mwaka wa pili, anapokea karatasi iliyoandikwa na mkono wa Mtaliano yenye maneno ya mamake: mbuzi amezaa, dada yako ameposwa, mbona kimya? Sidhani kuna barua hata moja kati ya hizo iliyokuwa na jambo la kiroho ndani yake. Kazi ya mwandishi ilikuwa kutoongeza.

Mwaka 1930 tauni iliingia. Mwalimu mmoja wa hapa, ambaye amewahi kumsumbua Irene kwa kutaka nafasi yake shuleni, aliugua, na watu wakaogopa kumkaribia. Irene alikwenda kumuuguza. Akaambukizwa, akafariki tarehe 31 Oktoba akiwa na miaka 39.

Wahubiri huipenda sana sehemu hiyo, na nimeona michoro yake. Mimi naona ule mwisho ni hatua moja tu ya matembezi yake. Aliyekuwa amezoea kwenda kwa kila mtu kwa miaka kumi asingejua namna ya kutokwenda kwa huyu. Na bado jana siwezi kuifuta. Huyu aliyewaandikia akina mama barua bila kuongeza neno, alikuja pia kuwafundisha kwamba sala za baba zao chini ya mugumo zilikuwa giza. Yote mawili ni kweli, na watu wa Gikondi wanaonekana kuyabeba yote mawili bila shida kuliko mimi. Mama mmoja aliyekuwa akichuma majani ya ng'ombe alinionyesha njia ya kanisa, na papo hapo akanionyesha mti mkubwa ng'ambo ya bonde, akasema ule hakuna anayeukata. Kwa nini? "Haukatwi," akasema.

Jumapili, Kamukunji

Kabla ya treni ya kesho nilitaka kuona mahali pa kwanza kabisa. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, Wangari na wenzake waliandamana kutoka KICC, jumba la mikutano la Nairobi, hadi bustani hii wakapanda miti saba, kuwakumbuka viongozi wa zamani wa jamii mbalimbali za Kenya. Kulikuwa na wageni na hotuba. Baadaye sehemu kubwa ya ile miti saba ikafa. Nalipenda jambo hili kuliko Nobel, nisamehewe. Vuguvugu lote lile lilianza kwa hafla nzuri ambayo miche yake haikupata wa kuitunza, na ule utaratibu wa shosho, wa kulipa ulioshika na kuuruka mkavu, ulikuja baada ya hapo.

Kando ya bustani ni mafundi wa jua kali, na hata Jumapili nyundo hazinyamazi. Nilizunguka nikitafuta mtu wa kuniambia ni miti ipi ya zamani. Hakuna aliyejua. Fundi mmoja wa masanduku ya bati, mtu wa makamo, alisema haijui ya 1977, lakini anaujua ule wa nyuma ya kibanda chake, kwa sababu yeye na wenzake huumwagilia. Ulipandwa na watu waliokuja na hema na spika. "Walipiga picha vizuri sana," akasema, bila kejeli. Maji hununua kwa mtungi, ya kazi na ya kunywa, na yanayobaki jioni huenda pale. Kuna zamu. Wiki hii ni ya kijana aliyekuwa akikunja bati nyuma yake, ambaye alisikia akajifanya hakusikia.

Nilimuuliza fundi kwa nini wanafanya hivyo. Alinijibu kwamba mchana kuna jua. Nikangoja aongeze kitu. Akaniuliza kama nanunua sanduku au la, maana anataka kufunga mapema aende kwenye mkutano wa mafundi: kuna habari kwamba wataondolewa kupisha ujenzi, na yeye ndiye katibu, barua anazo yeye.

Nikamwambia anionyeshe dogo la kuingia ndani ya treni. Akataja bei ya mtu wa Mombasa, tukabishana hadi kijana mwenye zamu akaingilia upande wangu.